Vidole Viwili vya Mfalme wa Magodoro

Tulimwacha Chooi Kam Seng na andazi la nyama mdomoni, kikombe chake amekifudikiza mezani, na Datuk Wah Siew Kong anainuka upande wa pili wa meza, birika mkononi.

Kwa msomaji ambaye gazeti la wiki iliyopita lilimfikia likiwa limefungia samaki, mambo ni haya. Chooi, Mfalme wa Magodoro wa mji wa Ipoh, anagombea uenyekiti wa Chama cha Wachina jimboni. Datuk Wah, wakili aliyepewa cheo hicho cha heshima na Sultani, amekalia kiti hicho tangu Chooi alipokuwa anauza mito ya sufi kwa baiskeli. Wazee wa Chama, wanaochukia uchaguzi kama wanavyochukia mvua siku ya harusi, wameamua kwamba Datuk atammiminia Chooi chai ya suluhu mbele ya mashahidi. Akiipokea, ugomvi umekwisha na Chooi anaondoa jina lake. Akiikataa, watu watapiga kura.

Chooi alikwenda kuikataa. Hakuna kingine kilichompeleka pale, ukiondoa maandazi.

Asubuhi ile mkewe, Ngan Fong, alikuwa amemfunga vifungo vya shati jeupe akimpa maagizo. "Usinywe chochote. Chai, maji, supu, hata machozi yako."

"Nimekuelewa."

"Kikombe kifudikize."

Alikifudikiza. Lakini nyumba ya chai ni nyumba ya chai. Mhudumu aliyepita na kigari cha vikapu vya mvuke aliona kikombe kimelala kichwa chini, akadhani ni uzembe wa mwenzake, akakisimamisha na kuendelea na safari zake.

Datuk Wah hakumimina papo hapo. Wakili haanzi na shahidi wake mkubwa.

"Kam Seng, mdogo wangu," alisema kwa sauti ya upole, "nieleze vizuri. Hawa watu wa Batu Pipit hasa wanataka nini?"

Hilo ndilo swali pekee duniani ambalo Chooi hawezi kulisikia akanyamaza. Kijiji cha Batu Pipit ndiko alikozaliwa. Nyumba za kule zimejengwa kwenye ardhi ya serikali, hati za kukaa zinakaribia kwisha, na kila mwaka Datuk huwajibu wanakijiji neno moja: subirini. Mama yake Chooi bado anaishi kule, na bado anasubiri.

Chooi akameza andazi. Akawageukia wenyeviti wa matawi waliokuwa wamekaa kushoto kwake, akaanza.

"Wanataka hati, Datuk. Mtu amepanda mpapai, mpapai umezeeka umekufa, na yeye bado hajui kama ardhi ni yake. Baba yangu alizikwa akiwa mpangaji. Mimi nasema..."

Alisema vizuri. Hata wapinzani wake wanakiri kwamba siku ile, kwa mara ya kwanza, hotuba ya Chooi haikumlaza mtu. Utani wa mjini ni kwamba mtu huyu alianza kuwalaza watu kwa magodoro, na siku magodoro yalipopungua soko akahamia kwenye hotuba.

Alisema akiwatazama wenyeviti. Hakulitazama birika lililokuja juu ya kikombe chake likaanza kumimina. Kitu cha moto kilimgusa kifundo cha mkono, hakukijali.

Na vidole viwili vya mkono wake wa kulia vikagonga meza. Taratibu, kwa adabu. Ko, ko, ko.

Meza nzima iligeuka kuvitazama.

Mtu wa Ipoh akimiminiwa chai hugonga meza kwa vidole. Ndiyo asante ya mtu mwenye chakula mdomoni. Chooi amegonga hivyo tangu akiwa anapakatwa na mama yake. Angegonga usingizini, angegonga akipasuliwa tumbo. Mazoea hayamuulizi mwenyewe kama leo kuna siasa.

Taa ya kamera ikamulika. Bi Kok, mwandishi wa gazeti la Kichina, alikuwa amekaa meza ya jirani kwa bahati iliyopangwa vizuri.

"Nakushukuru, mdogo wangu," alisema Datuk Wah, akaweka birika chini. "Umepokea."

"Sijapokea! Sijanywa hata tone!"

"Kunywa ni kazi ya kiu. Kugonga ni kazi ya moyo."

"Moyo gani? Ni vidole!"

"Vidole vya nani?"

Chooi akavitazama vidole vyake kama wafanyakazi aliowakamata wanaiba sufi.

Macho yote yakamwendea Mjomba Mak. Mzee huyu ndiye msemaji wa mila katika Chama, na neno lake halina rufaa. Alikuwa anatafuna mguu wa kuku. Aliutafuna mpaka mwisho, akatema vifupa kimoja kimoja pembeni mwa sahani.

"Kugonga ni jambo zito," alisema. "Kutokunywa nako ni jambo. Njooni kesho ukumbini, kabla ya chakula cha mchana. Leo nakula."

"Chai ikishamiminwa hairudi birikani," alisema Datuk, akitabasamu kwa kamera.

Kumbuka maneno hayo, msomaji. Yeye mwenyewe atatamani uyasahau.

Ndani ya gari Ngan Fong alikuwa anamsubiri mumewe. Alimsoma usoni kabla hajafunga mlango.

"Umekunywa."

"Sikunywa."

"Basi umefanya nini?"

Chooi akainua vidole viwili.

Ngan Fong aliwasha gari, akaendesha mpaka daraja la mto Kinta. "Nilikukataza kunywa," alisema hatimaye. "Sikukuambia ukalie mikono. Hilo ni kosa langu."

Ni haki tueleze jinsi mwanamume mwenye akili zake alivyofika hapa. Katika nchi hii, mfanyabiashara wa Kichina akitajirika huombwa kwanza mchango wa paa la shule. Akitoa, anaingizwa kwenye bodi ya shule. Akiwa kwenye bodi, hualikwa kila harusi na kila msiba, na kwenye misiba ndiko Chama kinakookota watu. Siku anayoshtuka, yuko jukwaani, ameshika kipaza sauti, na kiwanda anakiendesha mkewe.

Chooi hakuwa na ugomvi na mtu. Ugomvi uliletwa na Datuk, aliyemwoza binti yake kwa karamu kubwa na kuwakalisha viongozi wa Batu Pipit kwenye meza ya mwisho, mlangoni pa jikoni, ambako kila sahani iliyotoka iliwapita na kila sahani iliyorudi iliwamwagikia. Usiku ule walimfuata Chooi, mashati yana mchuzi, wakamwambia: Tajiri, gombea wewe.

Akasema ndiyo. Na huyo ndiye Chooi Kam Seng. Kila balaa lake limeanzia kwenye adabu.

Kesho yake asubuhi gazeti lilitoka. Picha ilikuwa kubwa kuliko habari. Datuk amesimama na birika, Chooi ameketi na vidole vyake mezani, na juu yao maneno: CHOOI AIPOKEA.

Chooi alipofika kiwandani hakuweza kuingiza gari. Lango lilikuwa limezibwa na magodoro.

Hayakuwa mapya. Yalikuwa yale aliyowagawia wanachama wa Batu Pipit mwaka ule wa mafuriko, yamerundikwa moja juu ya jingine, na manyunyu yanayanyeshea. Kando yake walisimama wenyewe, na mbele yao Lai Tin Fook, mwenyekiti wa tawi la kijiji, mtu mwembamba mwenye sauti ya king'ora.

"Tajiri, mali yako hiyo."

"Lai, kaka yangu, magodoro haya mliyapenda."

"Tuliyapenda tulipokuwa tumelala. Sasa tumeamka."

Watu wakacheka, kicheko kisicho na urafiki.

"Nisikilizeni. Sikuipokea ile chai. Vidole vimegonga vyenyewe."

"Vimegonga vyenyewe!" Lai aliwageukia wenzake. "Mnamsikia? Na siku ya kutetea hati zetu kule serikalini, vidole vitasaini vyenyewe?"

Chooi alikuwa anatafuta jibu alipoona godoro la juu kabisa linasogea. Nyuma yake alitokea kikongwe mdogo mwenye mwavuli, analisukuma kwa goti ili likae sawa.

"Mama?"

"Hili ni langu," alisema Mama Chooi. "Usilichanganye na ya watu."

"Mama, hata wewe?"

"Jana habari ilipofika kijijini, nimelala sakafuni. Mgongo umefurahi sana. Umeniuliza kwa nini miaka yote hii nimeulaza kwenye godoro la mtu anayekunywa chai ya Wah Siew Kong."

"Sikunywa!"

"Hujanywa, umeshukuru. Bora ungekunywa ukaacha kushukuru."

Lai akamkatiza. "Tajiri, leo jioni majina ya wagombea yanafungwa. Mzee Mak akikufungua na jina lako likibaki, tutayarudisha magodoro ndani, tutakupigia kura. Lakini tukiona picha nyingine, umegusana na Datuk hata kwa ukucha, Batu Pipit haina mgombea. Na hati zetu tutazisubiri kaburini, kama baba yako."

Hilo la baba lilimwingia Chooi mahali ambapo utani haufiki.

Alipanda ofisini akamkuta Ngan Fong amesimama dirishani. Mkononi alikuwa na shati jeupe la jana.

"Njoo hapa," alisema. "Unasema hukunywa."

"Na wewe tena? Mke wangu, nimetoka kuulizwa hilo na kijiji kizima!"

"Basi kwa nini mkono wa shati una doa la chai? Nimelisugua kwa sabuni halitoki. Hapa, kwenye kifundo."

Chooi akatazama. Kulikuwa na doa la rangi ya kutu, pana kama jani la mwembe. Akakumbuka kitu cha moto kilichomgusa alipokuwa katikati ya maneno.

"Ilimwagika," alisema polepole.

"Kutoka kwenye birika?"

"Birika lilikuwa juu. Ilitoka kikombeni."

Wakatazamana. Kisha wote wawili wakarukia gazeti lililokuwa mezani. Ngan Fong akaifikisha picha kwenye mwanga wa dirisha. Datuk, birika, vidole. Na chini ya vidole, kikombe kimejaa pomoni, chai imepita ukingo, imejaa kisahani, imetambaa kwenye kitambaa cha meza mpaka mkononi mwa Chooi.

"Mungu wangu," alisema Ngan Fong. "Amekufukuza."

Alikaa kitini, akaanza kucheka.

"Unajua siku ya kwanza uliponipeleka kwa mama yako? Alinimiminia kikombe hivihivi, kimejaa mpaka sikuweza kukiinua. Chai ya kumkaribisha mtu huachiwa nafasi juu. Ya kujaa maana yake: kunywa haraka, mlango ule pale. Nilielewa. Nikakaa mpaka chakula cha jioni."

"Na ulikinywa chote," ilisema sauti mlangoni. Mama Chooi alikuwa amepanda ngazi kutafuta pa kukausha mwavuli. "Siku ile nilisema huyu msichana hana haya, atafaa biashara. Lete hilo gazeti."

Alikaa, akaitazama picha, akailaza mapajani.

"Wakili mzima! Alikuwa anatazama nini?"

"Vidole vyangu," alisema Chooi. "Alimimina akisubiri vigonge."

Ukumbini walijaa watu. Wazee wa Chama mbele, wenyeviti wa matawi kando, watu wa Batu Pipit wamesimama mlangoni maana hawakuwekewa viti. Bi Kok alikuwa kwenye ngazi ya jukwaa, kamera kifuani. Mama Chooi alimshika mwanawe shati kabla hajaingia.

"Chai usinywe. Mkono usimpe. Na hivyo vidole viweke mfukoni."

Chooi aliingia mikono mifukoni, kama mtu anayekwenda kununua gari.

Mjomba Mak alitaka maneno machache. Datuk Wah akatoa yake kwa ufasaha: chai ilimiminwa, shukrani ilitolewa, picha ipo. Akaketi.

Chooi akasimama. Safari hii hakuhutubia.

"Datuk, nina swali moja. Ulipokuwa unamimina, ulikuwa unatazama kikombe au mkono wangu?"

Datuk Wah alirekebisha koti lake. Wakili hujibu haraka akiwa na uongo mzuri, na kwa hili hakuwa nao. Ngan Fong alikuwa ameshamfikishia Mjomba Mak gazeti, na juu ya gazeti akatandaza mkono wa shati wenye doa.

Mzee akatoa lenzi yake ya kusomea. Akaishusha kwenye picha. Akaipandisha. Akaishusha tena.

"Siew Kong," alisema, "chai hii inaogelea."

Kicheko kilianzia mlangoni, kwa watu wa Batu Pipit, kikaenea mpaka viti vya mbele. Watu hawa walikuwa na mwaka mzima wa mchuzi wa kulipiza.

"Chai ya suluhu haimfukuzi mgeni," alisema Mjomba Mak. "Na mtu anayefukuzwa akagonga meza, ameonyesha kwamba mama yake alimlea vizuri. Hajaonyesha zaidi ya hapo. Chai imetanguka. Jina linabaki."

Lai akapiga mluzi. Chooi alitabasamu mpaka masikioni, lakini mikono hakuitoa mfukoni.

Mwandishi mwingine angeishia hapa, na sisi tungependa. Lakini hatujamwangalia Datuk Wah.

Datuk hakukasirika. Alisimama, akavua koti, akalikunja juu ya kiti. Akaenda kwenye meza ya pembeni ambako wazee huwekewa chai yao, akachukua kikombe, akakimiminia bila haraka, na safari hii aliacha nafasi ya kidole juu. Kila mtu aliiona nafasi hiyo. Kisha akaja katikati ya ukumbi.

"Mzee Mak amesema kweli," alisema. "Nimemfukuza mgeni wangu mbele za watu. Anayekosa ndiye anayemimina chai ya radhi. Hii si ya suluhu, Kam Seng. Ni ya radhi."

Akapiga magoti.

Mtu wa miaka sitini na kitu, mwenye nishani ya Sultani, amepiga magoti kwenye sakafu ya saruji na kikombe ameshika kwa mikono miwili. Radhi ya mzee aliyepiga magoti haikataliwi. Ukiikataa, hakuna nyumba ya Kichina kutoka hapa mpaka Penang itakayokufungulia mlango. Na ukiipokea mbele ya Bi Kok, kesho gazeti litaandika nini?

Chooi aliitazama chai. Akawatazama watu wa Batu Pipit. Lai alitikisa kichwa mara moja tu: hapana.

Ndipo kikatokea kitu kidogo chenye mwavuli.

Mama Chooi alipita kati ya viti, akafika mbele ya Datuk, akakipokea kikombe mikononi mwake.

"Mtoto akifukuzwa mezani, anayetukanwa ni mama aliyemzaa," alisema. "Radhi hii ni yangu."

Akakinywa chote, kwa mkupuo mmoja, akakifudikiza kwenye kiganja cha Datuk.

"Imepokelewa. Chai nzuri, ingawa imepoa. Sasa, Siew Kong, madhali uko hapo chini, niambie ile hati ya nyumba yangu iko wapi."

Ukumbi ulilipuka. Hata Mjomba Mak alifuta machozi kwa mkono wa shati lenye ushahidi. Radhi imeombwa, radhi imepokelewa, na Chooi hajagusa kitu. Lai na wenzake walikuwa wanakumbatiana. Kilichombakia Chooi ni kukaa hivyohivyo, mikono mfukoni, mpaka majina yafungwe jioni.

Kicheko kikapungua. Kikaisha.

Datuk Wah alikuwa bado chini.

Alijaribu kuinuka, goti likakataa. Alijaribu tena, akaweka kiganja sakafuni, na uso wake ukabadilika rangi. Wazee wenzake walikuwa mbali, kwenye viti vya mbele, na wazee hawaamki haraka. Mama Chooi alishika mwavuli kwa mikono miwili na kutazama dari. Mtu aliyekuwa karibu kuliko wote alikuwa mmoja.

"Mdogo wangu," alisema Datuk kwa sauti ndogo, na akanyoosha mkono juu.

Yalikuwa maumivu, au ilikuwa kesi yake ya mwisho na bora? Chooi aliyatafuta macho ya yule mzee na hakuona jibu. Mlangoni Lai alikuwa ameacha kucheka. Kwenye ngazi ya jukwaa, Bi Kok alifumba jicho moja na kuinua kamera.

"Seng," alisema mama yake, bado anatazama dari, "nimekuambia nini?"

Chooi aliamua. Tunaapa kwamba aliamua: hatatoa mkono. Aliliamua jambo hilo kwa akili yake yote, kwa ajili ya baba yake na mpapai uliokufa na magodoro yaliyokuwa yanalowa langoni.

Lakini mkono wake wa kulia, uleule uliogonga meza, ulikuwa umeshatoka mfukoni.